Sauti Iliyogeuka Maandishi

Kwa miaka mingi Mmanga Silima aliwaamsha watu wa kijiji cha Vitongoji kabla ya jua, na hakuna aliyemfikiria kuwa ni mtu mwenye sauti. Alikuwa mwadhini, basi, kama kisima kilivyo kisima. Mchana alilima muhogo nyuma ya nyumba yake. Alfajiri na magharibi alisimama mbele ya kipaza sauti cha msikiti, na sauti yake nene, yenye mkwaruzo kidogo mwishoni mwa kila tamko, ilipita juu ya mapaa ikaingia majumbani bila kupiga hodi. Watoto walimwigiza. Wanawake waliogombana na waume zao walisema, "Ngoja kwanza Mmanga aadhini, tusali, kisha tuendelee." Yeye mwenyewe hakuijua sauti yake mpaka siku daktari alipomwambia kwamba itaondolewa.

Kansa ilikuwa imekaa kooni. Huko Dar es Salaam walimweleza bila haraka: sanduku la sauti litatolewa lote, na pumzi itapita kwenye tundu la shingoni. Atakula, atakunywa, atalima akitaka. Hatasema.

Alirudi Pemba kuaga. Siku zile chache kabla ya kwenda kukatwa, mkewe Ruweida alimkalisha chumbani, akafunga madirisha, akamshikia simu karibu na mdomo.

"Sema, Baba Mwanamize," alimwambia. "Sema lolote."

Akasema. Aliadhini mule chumbani kwa sauti ya chini, majirani wasije wakadhani wakati umefika. Aliomba dua kwa ajili ya wazee wake waliotangulia, akiwataja mmoja mmoja. Alisoma Yasin. Na mwisho, Ruweida alipotoka kwenda kuepua chungu, alibaki peke yake na simu, akasema maneno ya siku ambayo haikuwa bado na tarehe wala mchumba: siku ya harusi ya Mwanamize, binti yao wa pekee. Katika ukoo wa Mmanga, bi harusi hatoki nyumbani mpaka baba yake amemkalisha mbele ya jamaa na kumpa nasaha kwa kinywa chake. Bibi zake wote waliolewa hivyo, na dada zake. Hakuna aliyepata kujua ingekuwaje kama baba hana kinywa.

Rekodi hizo Ruweida alizihamishia kwenye kompyuta ya mezani, ile anayochapia vyeti vya chuo cha Kurani na kadi za harusi za watu. Simu ilikuja kuingia maji, ikafa. Sauti ya Mmanga ikabaki mle tu, ndani ya lile sanduku jeusi chini ya meza, pamoja na kadi za harusi za watoto wa wenzake.

Tangu arudi na tundu shingoni hakutaka kuzisikia. Mtu akitaja tu, alichukua jembe akenda zake. Watu walidhani ni huzuni. Ilikuwa khofu, na khofu yenyewe haikuwa na jina jepesi. Aliogopa kwamba yule aliyemo ndani ya kompyuta ndiye Mmanga wa kweli, na huyu anayevuta pumzi kwa shingo, anayejibu salamu kwa kuweka mkono kifuani, ni mtu aliyeachwa tu kulinda nyumba mpaka mwenyewe arudi.

Mwaka huu Mwanamize akachumbiwa. Harusi ikapangwa Ijumaa, baada ya sala ya alasiri. Ruweida alitangaza mbele ya jamaa kwamba nasaha itatolewa kama kawaida: wataazima spika, watafungua kompyuta, na baba atasema. Wanawake walifuta machozi. Mmanga alitikisa kichwa kukubali. Hakukumbuka alichokisema siku ile. Je, kama alilia? Kama alisema habari za kifo, au aliomba radhi kwa jambo ambalo binti yake hakulijua? Watu wote wa Vitongoji wangesikia, na yeye angekuwa amekaa papo hapo, mdomo umefungwa, hana la kuzuia.

Basi Jumanne asubuhi, wanawake walipokwenda kutazama mikeka ya shughuli, Mmanga alikaa mbele ya kompyuta ili ajisikilize kabla ya kusikilizwa.

Hakuwa mgeni kabisa. Alikuwa akimwona mkewe anavyofanya. Aliifungua folda yenye jina lake, akaziona faili zimepangana: Adhana, Dua, Mwanamize, Yasin. Kila moja ilikuwa na kipicha cha alama ya muziki. Akapeleka kishale juu ya Mwanamize, akabofya mara mbili.

Sauti haikutoka. Kilitoka kisanduku kilichomuuliza afungue kwa programu gani. Jana yake kompyuta ilikuwa imejisasisha yenyewe, ikasahau mambo iliyokuwa ikiyajua. Mmanga alizitazama zile programu kama mtu anayetazama nyuso za watu asiowajua. Moja tu aliifahamu, ile yenye picha ya kijidaftari, maana ndimo Ruweida anamoandika majina ya wanafunzi wa chuo. Akaichagua. Chini palikuwa na mraba mdogo ukitaka kuwekewa alama, wa kuiambia kompyuta ifanye hivyo siku zote. Akaweka alama, kwani mtu akiulizwa na mwenye nyumba huitikia.

Kioo chote kikajaa maandishi.

Hayakuwa ya lugha yoyote. Herufi zilizopigwa vistari, alama za Kichina, vidoto, miraba mitupu, na hapa na pale, katikati ya vurugu, herufi moja ya Kiarabu imesimama peke yake: waw, ain, kisha tena uchafu. Aliyateremsha, hayakuwa na mwisho. Akafunga kwa haraka. Akaitazama folda, na pale ndipo damu ilipomwenda mbio. Faili zote zilikuwa zimebadilika sura. Alama za muziki hazipo tena. Kila moja ilikuwa na kijidaftari. Akajaribu Adhana: maandishi. Yasin: maandishi. Alikuwa amegusa moja, na ugonjwa umeziingia zote.

Aliinuka, akaenda kwenye muhogo, akasimama huko bila kulima. Aliona wazi alichokifanya. Daktari alitoa sauti moja, na yeye kwa mkono wake ameimaliza ya pili.

Ruweida alirudi na dada yake mkubwa, Bi Time, mwanamke mwenye kauli nzito ambaye hakuwahi kuingia nyumba ya mtu akakuta kila kitu kiko sawa. Walitaka kujaribu spika. Mmanga, akiwa nje ya dirisha, alisikia vitufe, kisha mkewe akisema polepole, "Audhubillahi."

"Nini?" aliuliza Bi Time.

"Da Time, njoo uone. Hebu tazama hapa."

"Mie miwani sina. Nini, mbona rangi imekutoka?"

"Sauti ya Baba Mwanamize. Imegeuka… Tazama! Hii si ain hii? Na hii waw?"

Bi Time aliinama mpaka pua ikakaribia kioo. Alipoinuka, sauti yake ilikuwa imeshuka. "Talasimu hii, Ruweida, maandishi ya kichawi. N'nakwambia. Mie nilisema tangu alipoumwa, koo la mwadhini haliozi bure. Ukanambia 'Da Time, acha maneno.' Sasa wamemfuata mpaka ndani ya kompyuta."

"Nani, jamani?"

"Ningemjua ningekuwa nimekaa hapa?"

Mmanga angeweza kuingia wakati ule. Simu yake ilikuwa mfukoni, na ndiyo iliyokuwa ulimi wake: huandika, akaonyesha. Ilitosha kuandika maneno mawili. Vidole vikakataa. Kumwambia Ruweida kulikuwa kama kutia sahihi, kukiri kwamba imekwisha kweli. Maadamu hajasema, kulikuwa na mlango mdogo uliobaki wazi, ingawa hakujua unaelekea wapi.

Ruweida alichapisha yale maandishi ili ayapeleke kwa Shehe Himid, mwalimu wa chuo. Karatasi zilitoka na kutoka, printa ikilalama, mpaka wino ukafifia, na hata robo ya faili moja haikufika. Hakuthubutu kuziweka chini, maana zilikuwa na herufi za Kiarabu, na karatasi yenye herufi hizo haikanyagwi wala haitupwi. Akazifunga katika kitambaa cheupe, akazibeba mikononi kama mtu aliyebeba mtoto mchanga asiyelia.

Shehe Himid alikuja nazo mwenyewe hadi nyumbani, taratibu, kwa ajili ya magoti yake. Akaketi barazani na Mmanga; Ruweida na Bi Time wakasimama mlangoni.

"Bi Ruweida," alisema, "nimezipitia. Talasimu ina mpango wake. Ina safu, ina hesabu, mwenye kuijua huiona. Hii ni kama mtu aliyemwaga pishi ya mchele na pishi ya kokoto pamoja. Mie sioni mkono wa mtu hapa."

"Basi ni nini, Shehe?"

"Sijui. Chombo si changu. Atafutwe ajuaye, na mpaka apatikane msikiguse."

"Na akichelewa?" aliuliza Bi Time. "Harusi Ijumaa."

"Akichelewa, tutamwomba Mungu na kusubiri, Bi Time. Si ndivyo tulivyofanya siku zote?" Akamgeukia Mmanga, akamtazama kwa muda mrefu kuliko adabu inavyoruhusu. "Na wewe, yakhe, jicho lako leo haliketi pahala pamoja. Una nini?"

Mmanga aliweka mkono kifuani. Shehe akakubali jibu hilo kama watu wote walivyozoea kulikubali, akashika fimbo yake, akaondoka.

Asubuhi iliyofuata Mmanga alimwonyesha mkewe kwa ishara kwamba anakwenda mjini Chake kununua samaki. Hakununua. Alikwenda kwa Seif Khatib, fundi wa kompyuta mwenye kibanda karibu na soko, mcheshi, aliyezoea kuzifokea mashine kama ng'ombe. Mmanga alisimama mbele yake, akaandika kwenye simu, akamgeuzia: *Nimeiua sauti yangu. Yaweza kurudi?*

Seif alisoma, akaacha bisibisi. "Shikamoo Mzee Mmanga. Kaa kitako. Umeiuaje?"

Mmanga akaandika yote. Hapo, kwa mtu asiye wa nyumba yake, maneno yalitoka bila kizuizi. Seif alisoma akiguna, kisha akacheka, akajikamata. Akasema, "Samahani, Mzee, sikucheki wewe. Naicheka hii kazi yangu. Sauti yako haikufa. Iko vilevile kama ulivyoiacha, haikupungua hata pumzi. Ulichofanya ni kumpa faili mtu asiyejua kazi. Ni sawa na kumpelekea fundi cherehani mtumbwi. Atafanyaje? Atautafutia uzi. Hii programu ya daftari kazi yake kusoma maandishi, ukiipa sauti nayo itajitahidi isome. Na wewe ukaweka alama ya siku zote, basi kila faili ya namna ile inapelekwa kwake."

Mmanga alishusha pumzi kwa nguvu, na kitambaa cha shingoni kikapepea.

Seif alimfundisha kwenye kompyuta yake mwenyewe. Bofya kulia juu ya faili. Tafuta penye kuchagua programu nyingine. Chagua mchezaji wa sauti. Weka alama ya siku zote, na sasa uiweke kwa haki. Alimrudisha mwanzo kila alipokosea, mpaka mkono ukakariri wenyewe.

"Rahisi," alisema Seif. "Sasa lipo moja la kuogopa, na hili uliogope kweli. Katika ile hali ya maandishi, mtu asifute kitu. Akifuta hata herufi moja akasevu, ndipo utakuja hapa kulia na mie nitalia nawe. Yale ndiyo sauti yenyewe, Mzee. Ukifuta maandishi umefuta sauti. Kikitokea kisanduku kuuliza ihifadhiwe au isihifadhiwe, bonyeza cha katikati. Hapana. Umenielewa? Una nakala pahala pengine?"

Mmanga alitikisa kichwa: hapana. Kisha akasimama ghafla hata kiti kikaanguka. Jana jioni alimsikia Bi Time akimwambia Ruweida maneno ambayo wakati ule hayakuwa na uzito wowote: *Uchafu haungojewi fundi. Uchafu hufutwa.*

Aliandika ujumbe pale pale: *USIGUSE KOMPYUTA.* Ukaenda. Haukusomwa. Akapiga simu, ikaita, ikaita. Bi Time akaipokea.

"Haloo? Shemeji? Ruweida ana kazi. Umepata samaki?"

Mmanga alifungua mdomo. Pumzi ilitoka shingoni, *hhh*, na mdomoni hapakutoka kitu.

"Haloo? Mbona unanipumulia? Haya, tukimaliza atakutazama." Ikakatika.

Alichukua bodaboda. Njia nzima aliishika simu mkononi, akiandika, akituma, akiandika tena, na kila ujumbe ulikaa bila kusomwa. Alijiona amerudi kwenye kile kitanda cha hospitali, ambapo mtu hulala akijua kwamba watu wema, wenye nia njema, wanainua kisu.

Alisikia kabla ya kuingia: Bi Time anasoma Ayatul Kursi kwa sauti ya kutetemeka. Alipita ukumbini. Nyuma ya nyumba Mwanamize na wenzake walikuwa wakikuna nazi na kucheka. Akausukuma mlango wa chumba.

Ruweida alikuwa mbele ya kompyuta, ushungi umefungwa vizuri kama wa mtu aliyeko ibadani. Kioo kilikuwa cheupe. Cheupe kabisa, hakuna hata nukta. Katikati ya weupe ule kulikuwa na kisanduku kidogo kikiuliza swali lake, na kishale cha Ruweida kilikuwa kinateleza kwenda kulijibu.

Mmanga alitaka kupiga kelele. Mwili wote ulijiandaa kwa kelele ile, mbavu zilipanda, koo lilikaza pale ambapo hapana koo. Akaupiga mlango kwa kiganja. Bi Time akaruka, akasema "Lailaha!" Ruweida akageuka, kidole bado juu ya mausi, na Mmanga akamfikia, akaukamata mkono wake, akaubana mpaka mkewe akalia.

"Waniumiza! Baba Mwanamize, una nini?"

"Na yeye kashaingiwa!" alisema Bi Time akirudi ukutani.

Hakuwatazama. Alikishika kile kishale, akakipeleka katikati, akabonyeza. Kisanduku kikatoweka na weupe ukatoweka nacho. Ndipo alipoweza kuinua simu na kuandika. Aliandika kirefu, akafuta, akaacha maneno machache, akamwonyesha mkewe: *Hakuna mchawi. Ni mimi niliyeharibu jana. Nilitaka kujisikia kabla ya watu.*

Ruweida alisoma. Akasoma tena. Uso wake ulipita mahali pengi, hasira ikiwa mojawapo. "Umeniacha nikabeba makaratasi nusu ya mji," alisema, "na wewe unaniangalia?"

Mmanga aliinamisha kichwa. Kisha akaandika: *Mmefuta zipi?*

Ruweida alionyesha orodha ya faili kwa kidole.

"Tulianza juu," alisema Ruweida. Sauti yake ilikuwa imekauka. "Ya kwanza tumeimaliza. Hii nayo tulikuwa tunaimaliza."

*Hii ipi?*

"Ya pili. Au… Da Time, tulikuwa tushaifunga ya pili?"

"Mie nitajuaje? Nilikuwa nasoma nimefumba macho!"

"Niliifuta, nikaifunga… Kilitokea kile kisanduku, nikajibu… Sikumbuki ni mara mbili au mara tatu. Wallahi sikumbuki. Nilikuwa naogopa."

Juu ilikuwa Adhana. Ya pili Dua. Ya tatu Mwanamize. Mmanga alikaa kwenye kiti, na mkono wake ukafanya ulivyofundishwa: bofya kulia, programu nyingine, mchezaji wa sauti, alama ya siku zote. Vijidaftari vikatoweka kwa pamoja na alama za muziki zikarudi, zote, hata ile ya Adhana. Kwa nje hapakuwa na tofauti kati ya iliyo hai na iliyokufa.

Akafungua Adhana. Mchezaji akafunguka, akakaa kimya, akatoa maneno ya kuomba radhi kwamba faili hii haichezeki. Ruweida akaweka kiganja mdomoni. Zile alfajiri zote, yale matamko yenye mkwaruzo mwishoni, hazikuwapo tena popote duniani isipokuwa katika masikio ya watu wanaozeeka.

Akafungua Dua. Kimya. Bi Time akaanza kulia bila sauti, ushungi ukiwa umemfunika uso.

Kishale kikashuka kwenye jina la binti yake. Mmanga aliutazama mkono wake mwenyewe. Kama ile iliyokuwa kwenye kioo ndiyo hii, basi amewahi. Kama ilikuwa ya nne na hii imekwisha kupita, basi Ijumaa atakaa mbele ya jamaa na mdomo wake uliofungwa, na Mwanamize atatoka nyumbani mikono mitupu, wa kwanza katika ukoo. Hakuna wa kumuuliza. Hakuna ila kubofya.

Akabofya.

Kwanza palikuwa na mvumo tu, kama wa chumba kilichofungwa. Kisha mtu akakohoa kikohozi kibaya, cha mgonjwa, akajitengeneza koo. Kisha sauti ile nene ikajaa chumbani, ikatoka mlangoni, ikapita ukumbini, haikupiga hodi:

"Mwanamize! Mwanamize, mwanangu!"

Nje kicheko kilikatika.

"Abee, baba!" aliitika Mwanamize kutoka uani, kama alivyoitika maisha yake yote, na nyayo zake zikasikika zikikimbia kabla akili yake haijamfikia. Alitokea mlangoni, mikono myeupe kwa nazi. Pale akasimama. Akamtazama baba yake, mdomo wake uliofungwa. Akaitazama kompyuta. Hakuna aliyethubutu kuizima.

"Njoo ukae hapa mbele yangu," ilisema sauti, "nina maneno nawe."

Mmanga alihisi pumzi imesimama katika tundu la shingo. Hakuwa anaogopa tena yatakayosemwa. Aliogopa kitu kimoja tu, binti yake asije akakaa kuielekea kompyuta, naye hakuwa na njia ya kumwomba. Mwanamize alivuka chumba, akaipita meza, akakaa chini sakafuni na mgongo wake akaupa kompyuta, akauinua uso kumtazama yeye. Sauti ikaendelea kusema nyuma yake, na Mmanga hakujua aiweke wapi mikono yake.